Mteja Asiyeomba Punguzo

Siku kodi ya mirathi ilipotangazwa redioni, baba yangu alipiga makofi. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu mawili. Aliweka randa chini, akapangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akapiga makofi na kusema, "Safi sana! Wakamuliwe hao matajiri. Wanakula mpaka wanasaza, wakifa wanawaachia watoto wao, na watoto wenyewe ndio hao wanaoturushia maji ya madimbwi barabarani. Theluthi moja? Mimi ningechukua nusu."

Mzee Msasa, mpiga vanishi wetu, aliitikia kwamba hata nusu ni huruma. Jina hilo alipewa kwa sababu ya viganja vyake, ambavyo vingeweza kulainisha mbao bila msaada wa kitu kingine. Mimi nilikuwa nashona kochi, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo sikusema kitu, lakini moyoni nilifurahi vilevile. Sitajifanya mjanja baada ya kuliwa. Kati yetu watatu hakuna aliyewaza kwamba tajiri anayesemwa na redio alikuwa amesimama palepale katikati ya maranda, amevaa kandambili zenye kamba za rangi mbili tofauti.

Baba alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Mzee Maelewano, kwa sababu ukimuuliza bei ya kitu chochote alianza kwa kukwambia kwamba bei ni maelewano. Kila samani ikimalizika aliibandika kikaratasi na kuandika kwa wino mwekundu bei ambayo hata yeye ilikuwa inamchekesha. Kabati la kuuzwa laki sita liliandikwa milioni mbili na nusu. Kitanda cha laki nne kiliandikwa milioni moja na nusu. Si kwamba alikuwa tapeli. Tangu nipate akili sijamwona binadamu aliyelipa bei ya kwenye kikaratasi.

"Mteja haji kununua kabati," alinifundisha nilipoanza kazi. "Kabati atalipata popote. Anakuja kushinda. Sasa usipompa nafasi ya kushinda, atakushinda nini?"

Basi mteja aliingia, akasoma bei, akashika kichwa, akawaita wapita njia washuhudie, akatoka mpaka mlangoni, akaitwa, akarudi, akakalishwa. Akaapa kwamba ana watoto wa kulisha. Baba naye akaapa kwamba ana mtoto wa kulisha, akininyooshea kidole mimi, mwanamke mzima mwenye mtoto wangu. Baada ya saa nzima kabati liliondoka kwa laki sita na wote wawili wanacheka. Risiti iliandikwa laki sita, kodi ya mauzo ikakatwa kwenye laki sita, na nakala ikawekwa kwenye boksi chini ya meza.

Hilo la risiti nalisema kwa sababu wapo watakaodhani tulikuwa wakwepaji. Jamani! Baba alilipa leseni. Alilipa kodi ya bango, na upepo ulipong'oa bango alilipa faini ya kukosa bango. Mbao zilitozwa ushuru zikipanda gari, zikatozwa tena zikishuka. Kuna kodi ya mapato, kuna ada ya taka ambazo tulizichoma wenyewe. Siku moja alipiga hesabu akagundua kwamba tangu Januari mpaka katikati ya Mei alikuwa anamfanyia kazi mtu asiyewahi kushika hata nyundo, na kuanzia hapo ndipo alianza kujifanyia kazi yeye. Alinung'unika, akalipa. Karakana aliijenga kwa makombo yaliyobaki, tofali moja moja, miaka ishirini na tisa: mbele kazini, nyuma vyumba viwili alimoishi na mama.

Alikufa mwezi wa tatu, amejilaza mchana kwenye kochi la mteja kulijaribu springi. Moyo, walisema. Nilienda kumwamsha aje ale, nikamkuta ameshaondoka, na uso wake hauna shida yoyote. Nililia mpaka sauti ikakauka. Mtoto wake ni mimi peke yangu, na kila alichokuwa nacho kilikuwa kile kiwanja chenye karakana, mama, na boksi la risiti.

Wiki hiyohiyo alikufa jirani yetu, Mzee Magorofa, mwenye majengo manne marefu upande wa pili wa barabara. Msiba wake ulifunga barabara siku mbili. Wetu ulifunga uchochoro nusu saa.

Barua ya serikali ilitufikia kabla viti vya msiba havijarudishwa. Ilianza kwa pole. Ofisi ilikuwa inaungana nasi katika kipindi hiki kigumu, na aya iliyofuata ikasema mthamini atafika Alhamisi kukagua mali za marehemu. Mama, ambaye bila miwani hasomi, alisikia mstari wa kwanza tu akafuta machozi.

"Angalia," akasema. "Serikali imetukumbuka."

Mimi sikuwa na wasiwasi mkubwa. Sheria ilisema anayeacha mali isiyofika milioni mia moja hadaiwi kitu, na sisi hata tukipimwa na vumbi letu tusingefika huko. Kiwanja na jengo, tuseme milioni sitini, kwa sababu tunatazamana na magorofa. Samani zote zilizokuwa ndani, kwa bei za kweli, hazizidi kumi na tano. Nikatoa boksi la risiti, nikalifuta, nikaliweka tayari kwa Alhamisi.

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nyuma nakata sponji niliposikia Mzee Msasa anakohoa mara mbili. Hiyo ilikuwa ishara yetu. Akikohoa mara moja, ameingia mtu wa kuchungulia tu. Mara mbili, ameingia mwenye pesa. Nikatoka mbio. Nilimkuta kijana wa kama miaka thelathini, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, kishikwambi mkononi. Alikuwa anazunguka kabati la milango mitatu, kazi ya mwisho ya baba, na anasoma kikaratasi.

Nieleweke jamani. Tangu tumzike baba hatukuwa tumeuza hata kigoda. Kumwona mtu wa viatu vya kung'aa mbele ya kabati lile, nilisahau hata kufiwa.

"Karibu sana kaka yangu," nikasema. "Huo ni mvule mtupu. Gonga usikie."

Akagonga. "Na hii ndiyo bei yake?"

Hapo kwa kawaida mteja anashika kichwa. Huyu aliuliza kwa upole tu, kama anayeuliza saa. Nikasita. Mzee Msasa akaona nimesita, akadakia. "Hiyo bei, bosi, tumeshusha. Nenda kwenye yale maduka ya kiyoyozi, kabati hili utalipa milioni tatu na nusu, na bado utaambiwa ujibebee."

"Kwa hiyo thamani yake halisi ni zaidi ya iliyoandikwa?"

"Zaidi sana!" nikasema mimi, kwa mdomo wangu huu. "Na mwaka kesho itakuwa zaidi tena. Mvule wa namna hii haupatikani siku hizi."

Akaandika kwenye kishikwambi. Nikadhani anaandika oda.

Tukaenda kwenye makochi. Nikamkalisha, nikamwinua, nikamkalisha tena. Akauliza bei, tukaisifia bei. Akafika kwenye meza ya chakula ambayo baba aliiacha ina miguu miwili tu, imeegemezwa ukutani, haina kikaratasi. Nikamwambia hiyo ni milioni tatu, na kwamba miguu miwili iliyobaki ni suala la siku mbili. Akaandika. Mzee Msasa akamwonyesha kigoda cha baba mwenyewe, kimebonyea katikati kwa kukaliwa miaka yote, akasema vitu vya kale ndivyo vinavyotafutwa na watu wanaojua. Akaandika na hicho.

Kelele zetu za furaha zikamtoa mama nyuma. Kijana akamwamkia vizuri, akaomba kuona vya ndani pia. Mama, akidhani ni mteja mwenye adabu zake, akamfungulia chumba.

"Isipokuwa hiki," mama akasema, ameweka mkono kwenye kitanda. "Hiki alinichongea mwezi tuliooana. Hata mkinipa milioni kumi, sitoi."

"Milioni kumi," kijana akasema taratibu, na akaandika.

Tuliporudi mbele aliniuliza kama anaweza kupata jumla ya vyote. Vyote! "Kaka yangu," nikasema, "kumbe unafungua hoteli?"

"Hapana, dada." Akatoa kitambulisho mfukoni. "Mimi ndiye mthamini. Poleni sana kwa msiba."

"Si mliandika Alhamisi?"

"Alhamisi nina semina."

Nilipaswa kumjua. Miaka ishirini na mbili nimefanya kazi pale, na sijawahi kuona mteja asiyeomba punguzo. Mtu wa kawaida akisoma bei anaumia. Asiyeumia ni yule ambaye hatalipa yeye. Nikaanza kumwelewesha, maneno yananipanda na kushuka: kaka, hizo ni bei za kuanzia, hilo kabati ni laki sita, kigoda kile hakiuzwi hata kwa kuni, kitanda ni mapenzi tu ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sitamsingizia, alikuwa na adabu.

"Dada," akasema, "umeniambia wewe mwenyewe kwamba ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Na shahidi huyu hapa."

Mzee Msasa alikuwa ameshika kopo la vanishi na anatazama ndani yake.

Baada ya wiki mbili ilikuja barua nyingine, nayo ikaanza kwa pole. Kiwanja na jengo, milioni sitini. Samani, milioni sitini. Jumla milioni mia moja na ishirini. Baba yangu, aliyekuwa anashona kandambili kwa waya, amekufa tajiri, na hakuna aliyemwambia akafurahia walau jioni moja. Theluthi ya hiyo ni milioni arobaini. Muda wa kulipa, miezi mitatu. Usipolipa, mali itapigwa mnada.

Katika mwaka mzuri, tukishalipa mafundi na mbao na zile kodi nyingine zote, tulikuwa tunabakiwa na milioni nne. Kwa hiyo nilikuwa nadaiwa miaka kumi ya maisha yangu, kwa kosa la kufiwa. Mimi sisemi watu wasitoe kodi. Barabara haijijengi, na mwalimu wa mwanangu hashibi hewa. Lakini tofali lile baba alilinunua kwa pesa iliyokwisha kukatwa kodi, kutoka dukani kwa mtu aliyekwisha kukatwa, akalisafirisha kwa gari lililokwisha kukatwa. Walikata alipopata, wakakata aliponunua, wakakata alipouza. Alipolala wakakata tena, na hapo hakuna kitu kipya alichofanya isipokuwa kuacha kupumua.

Nikabeba boksi la risiti, nikaenda ofisini kwao kukata rufaa.

Rufaa zilikuwa dirisha la tatu. Aliyekaa hapo alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, miwani imening'inia kifuani. Nilipotaja jina la utani la baba, uso wote ulichanua.

"Mzee Maelewano! Amefariki? Maskini! Yule mzee mimi nilimkomesha." Akaegemea mbele, sauti chini. "Kitanda cha milioni moja na nusu, nimekichukua kwa laki tatu na tisini. Nilitoka mara tatu, akaniita mara tatu. Mpaka leo mume wangu haamini."

Nikahisi Mungu amenishukia palepale foleni. "Basi dada, wewe mwenyewe ni shahidi wangu! Unajua kwamba bei za pale si bei. Bei ni hizi za kwenye risiti, na yako imo humu humu."

Uso ukajifunga. Akavaa miwani.

"Dada yangu," akasema, "nikiwa nimekaa hapa, sijawahi kununua kitanda."

Kisha, kwa kuwa si mtu mbaya, akanifafanulia. Nikileta risiti, faili litapelekwa idara ya ukaguzi. Idara itaona kitu kimeandikwa milioni mbili na nusu hadharani, kikauzwa laki sita kwenye karatasi. Itauliza milioni moja na laki tisa zilikwenda wapi. Haitaamini kwamba zilikwenda kwenye kelele za mlangoni. Itasema marehemu alificha mauzo, itafungua miaka yote ishirini na tisa, na faini ya kila mwaka inazaa riba.

"Kwa hiyo vikaratasi vikiwa vya kweli nalipa milioni arobaini," nikasema. "Na risiti zikiwa za kweli, baba yangu alikuwa mwizi."

"Ndiyo. Unachagua."

Nikaweka mfuniko kwenye boksi. Nikajaribu njia tuliyoijua sisi. "Basi tuelewane. Milioni arobaini ni nyingi. Nikupe nane, tumalize leo."

"Hapa si sokoni."

"Tisa. Nina mtoto wa kulisha."

"Dada!"

Nikatoka mpaka mlangoni. Nikageuka. Hakuniita.

Nikarudi mwenyewe, aibu ya kuua. Nikamuuliza jambo moja tu la udaku, ili nisiondoke mikono mitupu: mtoto wa Mzee Magorofa, yeye ametozwa ngapi kwa majengo yale manne? Mama wa dirishani akatazama kulia na kushoto.

"Yule marehemu hakuwa na mali," akasema.

"Majengo manne!"

"Ya kampuni. Na gari la kampuni. Na ile nyumba aliyokuwa anaishi, alikuwa mpangaji wa kampuni. Tulikagua kisheria. Ameacha saa ya mkononi na viatu jozi tatu."

"Na kampuni?"

"Kampuni haijafa," akasema, na akanishangaa kwa kutojua. "Mwanawe amepewa kiti cha mkurugenzi tu. Kiti hicho hakitozwi."

Nikamwambia sisi tulikuwa na viti sita vya meza ya chakula, na kila kimoja kimetozwa. Akasema namba inayofuata.

Miezi mitatu ile nilihangaika kuuza. Lakini mtaa ukishajua kwamba unauza kwa kulazimika, hakuna anayekuja kushinda, wanakuja kuchukua. Mwanamume mmoja alinipa elfu themanini kwa kabati la baba na kuniambia amekuja na gari kabisa. Nilimfukuza kwa ufagio. Leo nisingemfukuza.

Mnada ulifanyika Jumamosi, mbele ya karakana yetu, mchana kweupe. Dalali alileta kipaza sauti, na mthamini alikuja na orodha yake. Wakatoa vitu nje kimoja kimoja. Dalali akaanza na kabati.

"Thamani ya serikali, milioni mbili na nusu!" akapiga kelele. "Nani anaanza?"

"Laki moja," akasema mtu.

Watu wakacheka. Dalali akabembeleza, akasifia mvule, akaapa. Likafika laki tatu, likagota. Akamtazama mthamini. Mthamini akatikisa kichwa kukubali. Laki tatu, limekwenda.

Sikuweza kunyamaza. "Ninyi si mlisema milioni mbili na nusu?" nikapaza sauti. "Mimi nilipowaambia laki sita mkasema naongopa! Leo mnauza nusu ya uongo wangu!"

"Bei ya mnada ni makubaliano, dada," mthamini akasema kwa upole ule ule. Kisha akaninong'oneza akiuliza kama yale makochi ya kijani bado yapo, maana shemeji yake anahamia nyumba mpya. Akayachukua kabla ya adhuhuri. Aliomba apunguziwe, akapunguziwa. Niliuliza kama sheria inamruhusu, nikaambiwa haimkatazi.

Kitanda kilipotolewa, mama alikuwa amekaa juu yake. Walikibeba naye mpaka mlangoni wakadhani atashuka kwa aibu, na hakushuka. Mzee Msasa ndiye aliyemwinua, amemshika mikono yote miwili, anamwambia, "Shemeji, shemeji, twende." Kile cha milioni kumi kikauzwa laki moja na nusu kwa mtu wa nyumba ya wageni. Mama hakulia mbele za watu. Aliuliza tu huyo mtu kama ana mtoto wa kuruka ruka kitandani, akaambiwa hana. Mimi nililia kwa niaba ya wote.

Kiwanja na jengo walivinadi mwisho. Mnunuzi alikuwa mmoja: mtoto wa Magorofa, au tuseme ile kampuni yao isiyokufa, ambayo kwa kutokufa ilikuwa na pesa taslimu. Milioni ishirini na mbili. Wanahitaji maegesho ya magari. Wiki ile ile walileta tingatinga, na karakana iliyojengwa miaka ishirini na tisa ikabomolewa kabla ya chakula cha mchana.

Mama sasa anaishi kwangu, analala sebuleni kwenye godoro, na kila asubuhi analikunja mapema mno ili asionekane anatupunguzia nafasi. Mafundi wetu watatu wanazunguka na vifaa vyao kutafuta vibarua. Mzee Msasa hana nguvu ya kuzunguka. Anakaa kibarazani kwa mkwe wake, mikono imeanza kulainika.

Mwezi uliofuata nikapata barua mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilitoka idara ya kodi ya mauzo. Ilikuwa inauliza, kwa masikitiko, kwa nini kodi ya kila mwezi ya karakana haijafika, na kunikumbusha kwamba walipa kodi wadogo ndio uti wa mgongo wa taifa. Ya pili ilitoka dirisha la tatu.

Nikaenda nazo zote. Mama wa dirishani alinipokea kwa upole, akaniwekea mahesabu mbele yangu. Samani zilileta milioni tisa. Kiwanja ishirini na mbili. Dalali amechukua tatu, tangazo la mnada na gari la mthamini vimechukua moja. Kilichoingia ni milioni ishirini na saba. Bado nadaiwa kumi na tatu.

"Subiri," nikasema. "Mali yote ya baba imeuzwa milioni thelathini na moja, na mliouza ni ninyi wenyewe, hadharani, kwa kipaza sauti. Sheria yenu inasema chini ya milioni mia moja hakuna kodi. Kwa hiyo sikupaswa kudaiwa hata senti."

"Thamani huangaliwa ya siku ya kifo, siyo ya siku ya mnada."

"Na nisipoweza kulipa?"

"Utalipa kidogo kidogo. Tunaandikishana." Akanisogezea fomu na kalamu. "Jaza na jina la mtoto. Una mtoto?"

"Ninaye binti mmoja. Ana miaka kumi na moja. Wa nini?"

"Endapo utafariki kabla hujamaliza. Deni linahamia kwake."

Niliitazama ile fomu. Nafasi ya jina la mrithi ilikuwa imeachwa ndefu, kana kwamba walijua watoto wengine wana majina marefu. Nyuma yangu watu walikuwa wanasogea na viti vyao vya plastiki. Nilitaka kumtukana, na nilijua matusi ya kutosha, lakini kilichonitoka kilikuwa swali.

"Naye akilirithi hilo deni, mtamtoza kodi ya mirathi?"

Hakuudhika. Aliliona ni swali la haki. Akavaa miwani, akavuta kitabu cha sheria, akalamba kidole, akafungua kurasa, akasoma akifuatisha mstari kwa kalamu. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu nifahamiane na dirisha lile alikuwa na furaha ya kweli ya kunipa habari njema.

"Hapana, dada yangu. Hilo mmesamehewa," akasema. "Analipata lote kama lilivyo. Hatukati hata senti."